Maikrowevu Isiyopasha Moto

Sahani ilizunguka, taa ya ndani iliwaka, mngurumo ulikuwepo, kengele ililia zilipotimia dakika mbili, na chai ikatoka baridi vilevile ilivyoingia. Hivyo ndivyo nilivyoikuta maikrowevu ya mama yangu Jumapili moja jioni kule kijijini kwetu Kengeja, nilipokwenda kumjulia hali. Nilitia kidole kikombeni, nikakitoa, nikakitia tena kwa kutojiamini, kisha nikamgeukia mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, macho ameyakaza kwenye punje kana kwamba ile kengele imelia nyumba ya tatu.

"Mama, hichi kidude hakipashi."

"Chai baridi nayo chai," alisema.

"Tangu lini?"

"Aka! Siku mbili tatu."

Siku mbili tatu za mama zilikuwa wiki mbili. Aliyeniambia ukweli ni jirani yake, mjane wa mlango wa pili, aliyekuwa akimpikia kila asubuhi pamoja na chakula chake mwenyewe. Wiki mbili nzima mama alikuwa anakula wali wa baridi na mchuzi ulioganda mafuta, na nikimpigia simu ananiambia amekula vizuri, alhamdulillahi, na kidude kinafanya kazi. Nilikasirika. Mimi nina hasira za karibu, ndugu zangu wote wanalijua hilo, na siku ile zilinipanda mpaka masikioni. Mama wa makamo yake kunidanganya kwa ajili ya chai!

Lakini alikuwa na sababu, na nilikuwa naijua. Mwaka mmoja kabla ya hapo, upindo wa kanga yake ulishika moto jikoni alipoinama kwenye mafiga. Jicho lake moja lilikuwa limeshaingia ukungu, hakuuona ule moto mpaka ulipomfika mguuni. Yule mjane alimmwagia ndoo ya maji na Mungu akamnusuru, akabaki na kovu tu. Tulikaa kikao sisi watoto wake watatu: kaka yetu mkubwa, ambaye ni mtu wa ofisi Chake Chake, mimi ninayesomesha skuli hukohuko Chake, na dada yetu wa Maskati kwa njia ya simu. Kaka alitaka mama ahamie kwake. Mama akasema, "Mie sendi." Kaka akasema kuni basi. Mama akasema tena, "Mie sendi." Dada ndiye aliyetuokoa. Alituma maikrowevu ndani ya mzigo wa mazulia na mafuta ya kupikia, na mapatano yakawa haya: mama haugusi moto tena, jirani anapika asubuhi, na mchana na jioni mama anajipashia chakula chake mwenyewe. Mashine ikishindwa, anahamia mjini. Kaka alilirudia sharti hilo mara mbili, na mama aliitikia kwa kichwa.

Sasa angalia nilichokifanya mimi. Badala ya kukaa nikafikiri, nilichukua simu palepale, na hasira zangu bado mbichi, nikampigia kaka na kumweleza yote. Tena nikaweka spika. Kaka alisema, "Ijumaa baada ya swala nakuja na gari. Mwambie afunge vitu vyake."

Mama aliyasikia. Aliendelea kuchambua mchele, akaokota jiwe moja, akalirusha uani.

"Hapa watu wanakuja kwangu," alisema. "Kule ntakaa nangoja niletewe."

Moyo uliniuma. Nilitamani niurudishe ulimi wangu nyuma kwa mkono. Skuli zilikuwa zimefungwa, mume wangu si mtu wa kulalamika, basi nikampigia nikamwambia sirudi mpaka Ijumaa. Nilijiapiza kwamba maikrowevu ile itapasha moto, hata kama itabidi niipulizie kwa kinywa.

Kesho yake asubuhi nilianza na kijitabu cha maelekezo. Kilikuwa cha Kiarabu kitupu. Nilisoma chuo cha Kurani miaka minane, nikakhitimu, na hadi leo naweza kusoma Kiarabu bila ya kuteleza, ilimradi kimetiwa irabu. Kile kijitabu hakikuwa na hata irabu moja, na zingekuwepo nisingefahamu neno, maana mwalimu wetu alitufundisha kusoma, hakutufundisha kununua vyombo vya umeme. Nikabaki na picha. Moja ilionesha maikrowevu na mishale imetoka ubavuni, nyuma na juu, kila mshale na namba yake. Nikasema, hivi ni vipimo vya urefu na upana, vya kumsaidia seremala. Nikafungua ukurasa mwingine.

Kisha nikatia maji kwenye kikombe, nikaweka dakika mbili. Kengele ikalia. Nikatoa kikombe na kukiachia mezani kwa kishindo, kwani kiliniunguza.

"Imepona!" nilipiga kelele. Mama alitoka chumbani na kitana kichwani. Alitia kidole, akakitoa haraka, akacheka mpaka akakaa chini. Tulikunywa chai ya moto sote wawili, na mimi, kwa haraka yangu ileile, nikampigia kaka.

"Imejitengeneza yenyewe?" aliuliza.

"Imejitengeneza."

"Ntaiona Ijumaa," alisema.

Alasiri ilipoingia, wageni wa mama wakaja kama kawaida yao, nikatoka uani kufua. Niliporudi jioni kumpashia mama chakula chake, wali ulitoka baridi kama jiwe la kisimani.

Nikaamua kosa ni la umeme. Jioni kila nyumba ina pasi, ina taa, ina pampu, umeme unakuwa mdogo. Hoja hiyo niliipenda sana. Jumanne nilikwenda kwa muuza duka wa pembeni, nikaazima stabilaiza ya kusawazisha umeme anayoitumia kwenye friji yake, nikaibeba kichwani mpaka nyumbani. Asubuhi maikrowevu ilipasha vizuri. Alasiri haikupasha. Nikasema basi ni friji ya mjane inayotuvutia umeme, nikamwendea, nikamwomba aizime. Maskini ya Mungu, aliizima, na samaki wake ndani. Haikupasha. Nikarudi kumwomba radhi, akaniambia, "Wewe mwalimu, hao samaki ulokuja kuwauwa washakufa zamani, usiwe na wasiwasi." Nikausafisha mlango wa maikrowevu, nikaufunga polepole, nikaufunga kwa nguvu, nikaubana kwa kiti. Hakuna.

Jumatano niliichomoa, nikaivua kitambaa chake cha kufunikia, nikaifunga kwenye kanga mbili na kuipakata ndani ya gari ya abiria mpaka Chake Chake, kwa fundi mmoja wa redio na televisheni ambaye miwani yake imefungwa na uzi. Nilimwambia kwa kirefu: taa, sahani, mngurumo, baridi. Alisikiliza, akachomeka plagi, akaweka glasi ya maji. Yakachemka. Akaweka nyingine. Yakachemka.

"Dada yangu, hii nzima," alisema.

Nilihisi machozi yananijia. Nimeibeba njia nzima mapajani, miguu imekufa ganzi, na mbele ya fundi imejifanya mtoto mwenye adabu! Nikamwambia aifungue aangalie ndani.

"Sifungui kitu kizima. Na wewe usije ukaifungua. Humu mna umeme unaobaki hata plagi ukiichomoa, na umeme huo unauwa. Sasa niambie, inakataa saa ngapi?"

"Alasiri. Kila siku alasiri."

"Na alasiri kwenu kunakuwa na nini?"

"Hakuna kitu. Wageni tu."

Aliniangalia juu ya miwani yake. "Mashine haijui alasiri, dada. Nenda kakae mbele yake kutwa nzima. Usiguse. Angalia."

Basi Alhamisi nikaiweka mahali pake ukumbini, juu ya meza ndogo, nimeisukuma mpaka ukutani isije ikaanguka, na mama akaifunika kitambaa chake. Kitambaa hicho nilikifuma mimi. Kwetu chombo cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, na mgeni akiingia huangalia ufumaji kabla ya kuangalia chombo. Nilikifuma miezi miwili, uzi mweupe na buluu, nikaurudufu uwe mnene, na maua yakining'inia pande tatu mpaka mezani. Nilimletea mama safari yangu iliyopita, wiki mbili nyuma, na alikisifu kwa kila aliyeingia. Mwenyewe nilijiona fundi.

Nikakaa kwenye mkeka na kuangalia. Asubuhi, mama alipasha chai yake. Moto. Adhuhuri alipasha wali wake. Moto. Ikaadhiniwa alasiri, watu wakaswali, na hapo ndipo hodi ya kwanza ikabishwa.

Alikuwa mjane, na bakuli la mchuzi wa samaki chini ya kawa. "Bi Mkubwa, waonaje?" "Mzima, karibu." Akainua pembe ya kitambaa, akafungua mlango, akatia bakuli, akakaa kuzungumza. Kengele ikalia, akatoa bakuli, na kabla hajalifunika akaingia wa pili na muhogo wake wa nazi. Wa tatu alileta maziwa ya mjukuu. Wa nne alikuwa na mabakuli mawili, lake na la shoga yake anayeumwa mgongo. Kila mmoja alikaa, akatoa habari, akapokea habari, na mama katikati yao amenyooka kwenye kiti chake, akiuliza huyu anaendeleaje na yule amejifungua nini, na uso wake unang'aa. Siku zote nilikuwa nawaona wale wanawake na mabakuli yao. Sikuwahi kuwahesabu, kwa sababu nimezaliwa nyumba ile, na mtu kuingia na bakuli kwangu ni jambo la kawaida kuliko mtu kuingia na mikono mitupu.

Bakuli la saba lilitoka vuguvugu. La nane lilitoka baridi. Mwenye bakuli alitia kidole, akalifunika kwa adabu na kuaga. Kumbe walikuwa wanajua wote! Wanajua kidude hupoa jioni, wanajua na sharti la kaka, na hakuna aliyefungua kinywa chake asije akamtia mama matatani. Kijiji kizima kilikuwa kinakula baridi kwa siri.

Niliinuka, miguu imekufa ganzi tena, nikaegemea maikrowevu kwa mkono. Nikaruka. Kitambaa kilikuwa cha moto kuliko bakuli lolote lililotoka siku ile. Nilikifunua, na nyuma nikaona vitundu vya kupumulia vimezibwa na maua yangu ya uzi uliorudufiwa, na vile vilivyosalia vimebanwa na ukuta. Nilikifuata kile kijitabu, nikafungua ile picha ya mishale. Juu, nyuma, ubavuni. Si vipimo vya seremala. Ilikuwa nafasi ya kuiachia ipumue.

Nilimpigia fundi. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba ndani kuna kidude kidogo, na joto likizidi hukata upashaji, taa na sahani vikaendelea. Mashine ikipoa, hurudisha. "Ndo maana asubuhi nzima na kwangu nzima," alisema. "Kidude hicho kingekuwa hakipo, dada, hicho kitambaa chako kingewaka."

Nilikata simu. Mama tulimtoa kwenye mafiga kwa kuogopa moto, na mimi kwa mapenzi yangu nikamfumia mwingine, na maua juu yake. Niliogopa sana, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikaanza kucheka, maana nilikuwa nimeshamlaumu mama, nimelaumu umeme, nimelaumu friji ya watu na samaki wake.

Mama hakukubali kwa wepesi. "Wewe wakivua nguo kidude mbele za watu?" aliuliza. "Na kitambaa kafuma mwanangu?"

"Mwanao ndo aliyekuwa anakiuwa hicho kidude, mama."

Alikikunja kitambaa mwenyewe, akakiweka juu ya mtungi wa maji, akasema huko kitakaa baridi. Tuliivuta meza, tukaiachia mashine nafasi ya mkono mzima nyuma na pembeni. Baada ya magharibi tulijaribu: moto. Lakini mimi sikuwa na raha, kwa sababu fundi alisema pia mabakuli yasifuatane mbiombio, mashine ipumzike baina yake. Ningesemaje? Huwezi kumwambia jirani bakuli lako lisije. Mtu angeweza kuhama Kengeja kwa neno kama hilo.

"Niachie mie," alisema mama.

Ijumaa wanawake walikuja mapema, kabla hata ya watu kutoka msikitini, maana walikuwa wanajua leo ni leo. Mama aliwakalisha wote, akawatangazia kama mwalimu wa chuo. Kidude ni kizima. Lakini kila bakuli likitoka, mwenye bakuli linalofuata atakaa asome uradi: subhanallahi thelathini na tatu, alhamdulillahi thelathini na tatu, allahu akbar thelathini na tatu. Akimaliza, ndio atie chakula chake. Asiyesoma, mashine haimtaki. Hakuna aliyebisha. Mjane alitoa tasbihi mfukoni palepale, na ukumbi ukajaa minong'ono. Nimeona mafundi wengi, lakini sijaona aliyepoza mashine kwa namna ile.

Gari ya kaka ilisimama nje saa nane. Wanawake wakahamia barazani na mabakuli yao, wakajifanya wana shughuli nyingine. Kaka aliingia na kanzu yake iliyopigwa pasi, akaamkia, akaitikiwa marahaba, akaangalia pembeni kutafuta mafurushi. Hakuona hata moja. Akaangalia maikrowevu.

"Glasi ya maji," alisema. Kaka yangu si mtu wa kuamini maneno.

Nikampa. Akaweka dakika mbili, akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama anakagua ofisi ya wilaya. Maji yakachemka. Akachukua glasi nyingine, akaufungua mlango.

"Soma uradi kwanza," alisema mama.

"Nini?"

"Uradi. Hapa ndo utaratibu. Au umesahau?"

Alinigeukia mimi, nami nikaangalia dari. Barazani watu waliinua shingo kuchungulia. Basi bwana mkubwa akasimama na glasi mkono mmoja, akahesabu kwa viungo vya vidole vya mkono wa pili, midomo inacheza, mpaka akamaliza zote tatu. Akatia glasi. Yakachemka. Akasoma tena bila ya kuambiwa, akatia ya tatu. Yakachemka. Mtu mmoja nje alishindwa kujizuia akapiga kigelegele, na wengine wakampokea.

Mama alimpashia muhogo wa nazi na pweza, akamwekea kwenye mkeka. Kaka alikuwa na njaa. Alitia tonge kinywani kwa pupa, macho yakamtoka, akaanza kupepea mdomo wake kwa mkono.

"Moto?" aliuliza mama.

"Moto," alisema kaka, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Nilicheka mpaka nikajishika ubavu. Lakini alipokwisha kula na kunawa, machozi yalikuwa bado yapo, na si ya pweza. Alisema chumba alikuwa ameshakipaka chokaa. Ameshanunua kitanda na chandarua. Alisema tangu aondoke nyumbani kwenda skuli ya mbali, huamka alfajiri kwa saa ya mezani, na alikuwa amejiwekea matumaini kwamba safari hii ataamshwa na mama yake. Miaka yote nilimdhania anataka kutuamuru tu. Nilimwonea huruma, nikaona na haya.

Mama aliinuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na mto na shuka, akaviweka kwenye mkeka pembeni ya kaka.

"Lala," alisema. "Ntakuamsha alasiri."

Kaka alivua kofia, akajilaza na kanzu yake iliyopigwa pasi, na haikupita dakika tano akawa anakoroma. Mama akachungulia barazani na kidole mdomoni. Wanawake wakashusha sauti zao, wakabaki pale kimya na mabakuli yao mapajani, mpaka mwadhini alipoadhini alasiri na mama akainama, akamgusa bega, akamwita kwa jina la utotoni ambalo ofisini kwake halijui mtu.

"Labeka, mama," aliitika kaka.